Vidonge vya projesteroni vya kuweka ukeni: wiki 16 zangu hapa Mwanza

Hii ni kwa mama yeyote aliyewahi kujifungua njiti na sasa ana mimba nyingine na usingizi haupati. Wa kwanza wangu alitoka wiki ya 31, nikambeba kifuani kangaroo usiku na mchana, kwahiyo mimba ya pili sikusubiri, nikamwambia daktari yote akanipima kwa utrasaundi ya kupitia ukeni, akakuta shingo ya kizazi ina urefu wa milimita 21, akasema chini ya 25 na historia kama yako tunaanza dawa leo. Projesteroni, ile homoni ya kusaidia mimba isitoke mapema, miligramu 200, kimoja kila usiku, wiki ya 20 mpaka 36.

Duka la kwanza, karibu na stendi, wakanipa vidonge vingine kabisa vya kumeza, muuzaji ananiambia "mama, si homoni tu hizi". Jamani sio! Nikampigia nesi akasema usimeze, na hela hawakurudisha, iliniuma sana. Nikahamia famasia moja ya Kirumba, yule dada akasoma cheti mara mbili, akauliza mimba ina wiki ngapi, akanionyesha tarehe ya mwisho kwenye boksi, akanisisitiza visikae kwenye joto. Na nyumba ya bati saa nane mchana mnaijua, nikaviweka kwenye kikopo chini sakafuni, pembeni ya mtungi wa maji.

Kidonge chenyewe laini kama yai la mjusi. Unanawa mikono, unalala, unakisukuma ndani kwa kidole, basi usiinuke tena. Asubuhi kinatoka kama ute mweupe wa mafuta, vaa pedi maana kanga zangu mbili zimebaki na madoa. Wiki ya kwanza nilidhani chupa imepasuka nikakimbia hospitali, kumbe dawa, lakini nawe ukiona maji au damu kimbia hivyo hivyo usikae kubahatisha.

Kuna wanaouliza ile sindano ya kila wiki ya homoni ya jamii ya projesteroni. Marekani waliipitisha 2011, utafiti mkubwa wa baadaye haukuonyesha kwamba inazuia kujifungua njiti, 2023 wakaiondoa, kwahiyo usimlazimishe daktari akuandikie. Hata hivi vidonge wanaofaidika zaidi ni wenye shingo fupi kama mimi, mwenye mapacha bila shingo fupi haijaonekana kumsaidia, ndio maana nasema kipimo kwanza, dawa baadae.

Bei ni kilio. Tulikuwa tunanunua saba saba, baba watoto akiuza samaki vizuri tunachukua kumi na nne, na yule dada hakunichoka hata siku moja.

Nimejifungua wiki ya 38, kilo 2.9, amelia mwenyewe. Siwezi kuapa ni dawa peke yake. Famasia naipa tano kwa tano, dawa naipa nne, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya bei.