Kijitabu cha karanga cha Carver kwenye udongo wa luseni: kinafaa, ila kina mapengo mawili mazito

Anayelima pamba Misungwi, Kwimba au Magu, mkoani Mwanza, mwaka baada ya mwaka kwenye shamba lile lile la luseni, yaani udongo wa kichanga, anazijua dalili: miche ya manjano, vitumba vya kuhesabu, mchanga unaopitisha maji kama chujio. Hali ya namna hiyo ndiyo aliyoikuta George Washington Carver alipofika chuo cha Tuskegee, Alabama, Marekani, mwaka 1896 kuongoza idara ya kilimo. Ardhi ilikuwa imelimwa pamba mfululizo mpaka ikachoka, na wakulima Weusi wengi walikuwa wakigawana mavuno na mwenye shamba. Kijitabu namba 31 cha kituo chake cha utafiti, kilichotoka 1916, kinafundisha kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Kipo mtandaoni bure, kwa Kiingereza. Hapa tunakipima kwa jambo moja: mkulima wa kanda ya ziwa akikichapisha leo akaenda nacho shambani, kitamfaa wapi na kitamwacha wapi.

Kwanza mwandishi mwenyewe, maana kijitabu kinasomeka vizuri zaidi ukimjua. Carver alizaliwa utumwani huko Missouri, yapata 1864. Tarehe yenyewe haijulikani. Mwaka 1891 akawa mwanafunzi Mweusi wa kwanza katika chuo cha kilimo cha Iowa, akapata shahada ya kwanza 1894 na ya uzamili 1896, kisha akabaki Tuskegee hadi alipofariki tarehe 5 Januari 1943. Mwaka 1906 yeye na wenzake walianza kupeleka mafunzo vijijini kwa gari la kukokotwa na wanyama, kazi ile ile ya bwana shamba. Wengi husema ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli, ilikuwepo kabla yake, na hata kwenye kijitabu hiki alitaja magazeti aliyochukua baadhi ya mapishi. Sifa yake ni nyingine, nayo ni kubwa: alimwandikia mtu asiye na hela ya mbolea, kwa lugha ambayo mtu huyo angeielewa.

Sababu ya kwanza anayoitoa ya kulima karanga ni kwamba zinarutubisha udongo kama jamii yote ya mikunde. Hilo limesimama mpaka leo, lakini lina masharti ambayo kijitabu kinayapita haraka mno. Wiki ya sita hivi baada ya kupanda, chimbua mche mmoja kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, maana vinundu vya kwenye mizizi vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wanafanya kazi ya kukamata naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijani, shamba halijapata faida yoyote. Halafu kuna suala la majani. Carver anayasifu kama malisho yanayolingana na ya kunde, na ni kweli ng'ombe huyapenda. Ila ukibeba majani yote kwenda zizini na samadi isirudi shambani, sehemu kubwa ya naitrojeni imeondoka na ng'ombe.

Anasema pia kwamba karanga ni rahisi kuvuna. Kwenye luseni lenye unyevu, sawa. Kwenye ibambasi, udongo ule unaoshikamana na kuwa mgumu, likishakauka, hapana kabisa: ua likishachavushwa hushusha sindano inayotakiwa kupenya udongo ili izae ardhini, na udongo mgumu huizuia. Wakati wa kuvuna nao unashikilia maganda, jembe linatoka na majani matupu. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza uliobuniwa 1946 ulikwama Kongwa, Dodoma, kwa sababu kadhaa, na udongo unaokuwa kama saruji kiangazi ni mojawapo.

Luseni nalo lina kasoro yake, upungufu wa madini ya kalisi. Ganda la karanga hufyonza kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo linapolala, halitegemei mizizi. Kalisi ikikosekana utavuna maganda makubwa mazuri, ukibonyeza yanasinyaa, ndani hamna kitu. Dawa ni jasi, kilo 80 hadi 160 kwa ekari, ikimwagwa juu ya mstari wakati maua yanaanza.

Pengo la kwanza la kijitabu ni rozeti. Ugonjwa huu ni wa Afrika, uliripotiwa Tanganyika tangu 1907, na mkulima wa Alabama hakuwa nao. Vidukari hueneza virusi, mche unadumaa, majani yanajikunja kama kiganja kilichofumbwa na kuwa manjano. Mche ukiambukizwa mapema, haukupi kitu. Kinga ya bei nafuu ni kuwahi mvua za Novemba na kubananisha: sentimita 50 kati ya mistari, 10 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, kina cha sentimita 5. Udongo ukibaki wazi kati ya mashina, vidukari wanayaona mashina kirahisi na kutua. Kwenye kuwahi ndipo wengi wanaponasa, kwa sababu pamba nayo inadai mikono mwezi huo huo, karanga zinasubirishwa hadi Desemba mwishoni. Mbegu ya Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100, inavumilia msimu mfupi, lakini rozeti inaipata.

Pengo la pili ni la hatari zaidi. Kijitabu hakina hata neno moja la sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, wala kisingeweza kuwa nalo, kwani iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya bata mzinga wengi kufa Uingereza kwa chakula chenye mashudu ya karanga. Kwa hiyo sehemu ya uvunaji isomwe na nyongeza hizi. Vuna pale maganda kama 7 kati ya 10 yanapokuwa na weusi upande wa ndani. Geuza mashina, karanga ziangalie juu, zianikwe zisiguse udongo. Zikikauka sawasawa zinalia ukitikisa ganda. Na usinyunyize maji ili maganda yalainike wakati wa kubangua: desturi hii imeenea, inapunguza maumivu ya vidole, na ndiyo inayoualika ukungu ndani ya gunia. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye rangi ya ajabu zitupwe. Zisipelekwe mashineni kusagwa, kwa kuwa kukaanga hakuondoi sumu hiyo na kusaga kunaificha.

Mapishi ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote. Supu ya kwanza ina vitu vya kawaida: maziwa karibu lita moja, kikombe cha karanga, vijiko viwili vikubwa vya siagi na viwili vya unga wa ngano. Chemsha karanga hadi zilainike, menya, ponda hadi ziwe laini kabisa, tia kwenye maziwa yanayochemka, pika dakika 20, kisha tia siagi na unga uliokorogwa kwa maziwa kidogo. Chumvi, pilipili manga, basi. Hesabu kikombe chake ni mililita 240; kikombe cha chai cha nyumbani mara nyingi hupungua hapo na supu inakuwa nyepesi. Unga ukimwagwa mkavu, unafanya madonge.

Lipo pia pishi analoliita kuku wa kuigiza, na hili Mwanza lingeuzwa hata stendi: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vyembamba, vikapakwa karanga zilizosagwa na yai, vikachovywa kwenye ute wa yai na kukaangwa mpaka vibadilike rangi. Tumia viazi vikavu vya unga. Vile vya majimaji vinakatika kwenye kikaango. Kwa upande wa kuhifadhi viazi, aliandika kijitabu kingine mwaka 1922, lakini penye michembe na matobolwa, viazi vyetu vya kukatwa na kukaushwa, sidhani kama msomaji wa Usukuma atakuta jipya.

Kichapisheni, na nyuma ya ukurasa wa uvunaji andikeni kwa kalamu yale ya sumukuvu. Kwa mbegu bora ulizieni TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kituo chao cha Naliendele, Mtwara, ndicho kinachoshughulika na karanga, na kituo chao kingine, Ukiriguru, kiko hapo hapo Misungwi.