Kozi ya chimbuko la Mungu: somo zuri, lakini yule mama hakustahili kuzimwa

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, na nimechoka kusubiri.

Hii ni kozi ya jioni ya kulipia, inafundishwa kwa Kiswahili kupitia mtandao. Inahusu Mungu wa Biblia: alianzia kujulikana wapi, na jinsi watu wa kale, Wayahudi kwanza kisha Wakristo, walivyozidi kubadilika katika kumfahamu. Waandaaji siwataji. Ada na ratiba waulizeni wenyewe. Mimi nataka kuzungumzia jioni moja, na mtu mmoja aliyezimwa kipaza sauti.

Tulikuwa tumefika kwenye somo la Ashera, mungu mke wa kale wa Kanaani. Mwalimu analijua somo hili, hilo simnyang'anyi. Alituonyesha michoro ya Kuntillet Ajrud, kituo cha kale katika jangwa la Sinai kilichochimbwa na Ze'ev Meshel mwaka 1975 na 1976. Pale kuna mitungi mikubwa ya karibu mwaka 800 KK yenye maandishi ya Kiebrania, watu wanatakiana baraka kwa jina la Yahwe, ndilo jina la Mungu wa Biblia: kwa Yahwe wa Samaria na Ashera wake, kwa Yahwe wa Temani na Ashera wake. Akatupeleka na kwenye kaburi la Khirbet el-Qom, upande wa Hebroni, lenye maandishi yanayofanana na hayo. Akaeleza bila upendeleo kwamba wataalamu hawajakubaliana, wengine wanasema huyo ni mungu mke, mwenzi wa Yahwe, na wengine wanasema ni ile nguzo ya mti tu iliyosimamishwa penye madhabahu. Kisha zikaja zile sanamu ndogo za udongo, mwanamke ameshika matiti yake, ambazo zimefukuliwa kwa mamia katika nyumba za Yuda, Yerusalemu ikiwemo, za karne ya 8 na ya 7 KK. Nilikuwa naandika mpaka mkono unauma.

Ndipo mama mmoja akaomba nafasi. Ni mtu mzima, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa huko kwao, na kila kipindi alikuwa ameshaingia kabla ya mwalimu. Akasalimu, akaomba radhi kwa kukatisha, akatuomba tufungue Yeremia 44. Mnaikumbuka sura hiyo? Yerusalemu imeshaanguka, mwaka 586 KK, na Wayahudi walionusurika wamekimbilia Misri. Yeremia anawaambia kwamba maafa yote yamewapata kwa sababu ya kuabudu miungu mingine. Na watu wanamjibu, wanawake wakiwemo, bila kuinamisha kichwa. Wanasema hawatamsikiliza. Wanasema walimfukizia uvumba malkia wa mbinguni, wao na baba zao na wafalme wao, katika miji ya Yuda na njia za Yerusalemu, na siku hizo walishiba na hawakuona baya. Ni tangu walipoacha ndipo njaa na upanga vikawamaliza. Tena wanawake wanaongeza kwamba mikate ile hawakuioka kwa siri, waume zao walijua.

Yule mama akauliza hivi, nayaandika kama nilivyoyanakili: "Mwalimu, watu hawa wanasema huyo malkia ni wa baba zao. Sasa pale Yerusalemu mgeni alikuwa nani? Ni huyo malkia, au ni fundisho la Yeremia kwamba aabudiwe Mungu mmoja tu?"

Mwalimu akacheka. Siyo kutabasamu, alicheka. Akasema, "Mama, maswali ya jumuiya tuyapeleke jumuiya. Hapa tunafanya taaluma." Mama akaanza kusema, "Hapana mwalimu, nilikuwa na maana..." na sauti ikakatika. Alizimwa. Tukabaki kuona midomo yake inacheza kwenye kioo. Mwalimu akaenda slaidi inayofuata.

Niseme wazi kwa nini jambo hili limenichoma kiasi hiki, maana wapo watakaosema nakuza. Swali lile ndilo lilikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia ndani ya kozi nzima, na naweka humo maswali ya mwalimu mwenyewe. Mitungi ya Sinai haisemi kitu juu ya kilichokuwa moyoni mwa aliyeandika. Sanamu za udongo ndiyo kabisa, hatujui hata kama zilikuwa za ibada, za kuomba uzazi, au za kinga ya nyumba. Yeremia 44 ni mahali adimu sana ambapo walioshindwa katika mabadiliko yale wanasikika wakitoa hoja yao, tena imehifadhiwa na mtu aliyewapinga. Wana hesabu yao ya sababu na matokeo, na inatumia tukio lilelile analolitumia nabii. Kama mtu anataka kufundisha jinsi watu wa Yuda walivyotoka kwenye miungu mingi hadi Mungu mmoja, atairukaje sura hiyo? Mwalimu aliiruka. Aliyeileta ni mwanamke ambaye ameisoma Biblia yake miaka yote bila kulipwa na mtu, naye akaambiwa arudi jumuiya.

Na si kwamba jibu halikuwepo. Lilikuwepo, na mwalimu alikuwa nalo mkononi. Wafalme wa Pili 23 inaeleza jinsi mfalme Yosia, karibu mwaka 622 KK, alivyoitoa Ashera nje ya hekalu la Bwana akaichoma penye kijito Kidroni, akabomoa na nyumba walimokuwa wanawake wakifuma nguo kwa ajili ya Ashera. Ndani ya hekalu! Kwa hiyo wale wa Misri hawakuwa wanazusha waliposema wafalme wao walikuwamo. Ungeweza kumjibu mama kwa dakika mbili: ndiyo, kwa watu wengi wa Yuda huenda fundisho la kumwabudu Yahwe peke yake ndilo lilikuwa jipya, na Yosia alilisukuma kwa nguvu ya dola. Halafu ungeongeza kwamba hatuna hakika kama malkia wa mbinguni ni Ashera huyohuyo au ni Ishtari wa Babeli au mwingine. Yangekwisha. Dakika mbili.

Kwa hiyo rai yangu ilikuwa moja, msijiunge. Niliiandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza.

Lakini siwezi kuwadanganya. Masomo ya mwanzo yalinifungua macho, na haki ni haki. Lile la Yahwe kutoka kusini, kwa mfano. Nimelelewa Kilutheri, wimbo wa Debora nimeusikia tangu utoto, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini Waamuzi 5 inasema Bwana alitoka Seiri na kupiga hatua kutoka Edomu. Ukiweka na Kumbukumbu la Torati 33, Sinai na Seiri na Parani, ukaweka na Habakuki 3, anayesema Mungu alikuja kutoka Temani, unaona mashairi haya yote yanaelekeza jangwa la kusini, si Yerusalemu. Kisha mwalimu akatuonyesha Soleb, hekalu la farao Amenhotep III lililoko Sudan, karne ya 14 KK, ambako kuna orodha ya nchi za wafugaji walioitwa Shasu, na mojawapo ina jina linalosomeka kama Yahu. Kwamba huenda alama ya kale kabisa ya jina lile imechongwa kwenye jiwe la Nubia, huko Sudan! Niliwapigia ndugu zangu simu usiku uleule.

Na Ugariti. Mji ule wa pwani ya Syria, ulioanza kuchimbwa mwaka 1929, vibao vyake vya udongo vinamtaja El, mzee mwenye hekima, baba wa miungu, na mkewe Athirati mwenye wana sabini, na Baali apandaye mawingu. Sasa fungua Zaburi 82, Mungu amesimama katika baraza akihukumu katikati ya miungu. Fungua Kutoka 6, Mungu anamwambia Musa kwamba kwa Ibrahimu alijulikana kama Mungu Mwenyezi, El Shadai, bali kwa jina lake Yahwe hakujulikana kwao. Mwalimu alituwekea kipande juu ya kipande bila kutulazimisha tuamini kitu. Nilitoka pale imani yangu haijapungua. Kama Mungu alijifunua polepole kwa watu waliokuwa na masikio ya zama zao, mimi sioni tusi. Wengine kwenye kundi waliona vingine, na huo ndio ulikuwa utamu wake, mpaka ile jioni.

Basi nikasema niipunguze ukali, nyota tatu, labda nne. Ndipo likaja somo la Elefantine, na hapo nilirudi kuwaka.

Elefantine ni kisiwa cha mto Nile pale Aswan, kusini mwa Misri. Katika karne ya 5 KK waliishi huko askari wa Kiyahudi na familia zao, wakilinda mpaka kwa niaba ya Waajemi. Maandishi yao ya mafunjo yamesalia: mikataba ya ndoa, madeni, barua. Walikuwa na hekalu lao la Yahwe, wanamwita Yaho, mbali kabisa na Yerusalemu. Mwaka 410 KK hekalu likabomolewa kwa uchochezi wa makuhani wa Khnum, mungu wa Wamisri, na mwaka 407 wakamwandikia Bagohi, liwali wa Yuda, kuomba lijengwe upya. Humo wanalalamika kwamba walishamwandikia kuhani mkuu Yohanani wa Yerusalemu na hakuwajibu. Lakini kinachouma ni orodha moja ya michango ya karibu na mwaka 400 KK. Fedha zilizokusanywa zimegawanywa: karsh 12 na shekeli 6 za Yaho (karsh moja ni shekeli kumi), karsh 7 za mungu aitwaye Eshem-Betheli, karsh 12 za Anat-Betheli. Anati ni mungu mke. Na kuna kiapo kinachomtaja Anat-Yahu, jina linalounganisha Anati na Yaho.

Wayahudi. Misri. Zaidi ya karne moja na nusu baada ya Yeremia kugombana na wakimbizi katika nchi hiyohiyo, bado kuna mungu mke anayechangiwa karibu sawa na Yaho. Hilo ndilo jibu la swali la mama! Mwalimu alilifundisha kwa ufasaha, akasema ni ushahidi wa thamani kubwa, wala hakumtaja. Hakusema hata "kama mwenzetu alivyouliza." Nikaandika kwenye kisanduku cha ujumbe kwamba hili linamrudia mama na Yeremia 44. Alisoma, maana nilimwona akisoma, akapita.

Niliwaandikia waandaaji. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, kwamba mshiriki alitoka nje ya mada na mwalimu ana haki ya kulinda muda. Nikauliza ni mada gani aliyotoka. Kimya. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, kwa heshima kabisa, ujumbe wangu ukafutwa. Mtu mmoja akanifuata pembeni akaniambia, "Ndugu, achana nalo, huyo ni daktari." Shahada hiyo ya udaktari ndiyo inanizidishia hasira. Mtu aliyesoma kiasi hicho anajua kwamba kitabu cha Yeremia hakikuandikwa kwa ajili ya madaktari.

Kuhusu sehemu ya Ukristo sina mengi, ilikimbizwa. Danieli 7, Mzee wa Siku na yule mfano wa mwanadamu ajaye na mawingu, ilipewa nafasi nzuri na ikaunganishwa vizuri na El na Baali wa Ugariti. Paulo katika Wakorintho wa Kwanza 8:6, anayeweka Mungu mmoja Baba na Bwana mmoja Yesu Kristo ndani ya sentensi moja, alipata nusu kipindi. Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa wa Kiyahudi, na fundisho lake juu ya Neno la Mungu, slaidi moja. Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, kisha Konstantinopoli mwaka 381 walipopanua maneno ya kanuni ya imani juu ya Roho Mtakatifu, vyote jioni moja, mbio. Miaka mingi ya watu kuteswa, kufukuzwa na kulaaniana kwa ajili ya kusema Mwana ni nani, na sisi tunapewa tarehe na majina. Kipindi kile kilihitaji mtu wa kumsimamisha mwalimu na kumuuliza waumini wa kawaida wa Aleksandria walikuwa wanaimba nini kanisani wakati maaskofu wanabishana. Mtu wa kuuliza hivyo alikuwepo, na baada ya ile jioni hakuingia tena.

Kwa hiyo hukumu yangu, na najua inajipinga. Vipindi vilivyorekodiwa vinauzwa peke yake. Vinunueni, hasa vya kusini, Ugariti na Elefantine. Kwa Kiswahili sijaona vinavyolingana navyo. Vipindi vya moja kwa moja msivilipie, kwa sababu mnalipia haki ya kuuliza ambayo hamtapewa. Hapana, niseme vizuri zaidi. Mwanamume mwenye shahada na maneno ya Kiingereza atapewa. Niliwasikiliza wakijibiwa maswali dhaifu kwa upole kabisa, jioni ileile.

Ada yangu sidai. Ya mama irudishwe. Na mwalimu amwombe radhi mbele ya walewale waliosikia akichekwa, kipaza sauti chake kikiwa wazi, halafu amjibu swali lake. Siku hiyo nitakuja hapa na kuongeza nyota.