Git naipenda, lakini kwa ile reset ya usiku ule bado sijaisamehe

Nianze na hasira maana bado ninayo. Kuna usiku mmoja mwaka huu Git, programu ya kutunza historia ya msimbo tunaoandika, ilinimezea kazi ya mchana mzima kwa amri moja, na haikuniuliza hata neno. Na mimi ni mtu wa Git kweli, siyo mgeni, nimeitumia tangu kazi yangu ya kwanza na nimeitetea mbele ya watu wengi, ndiyo maana iliniuma hivyo.

Nilikuwa nyumbani Roysambu, hapa Nairobi, nashughulikia mfumo wa chama fulani cha akina mama wa Githurai, ule wa kuweka michango, mikopo na faini. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimefanya git add . (amri ya kuweka faili kwenye foleni) nikijua nikirudi nitakomiti, yaani nizihifadhi kwenye historia, halafu simu ikalia, mambo yakawa mengi, nikarudi kuandika moja kwa moja. Alasiri yote nikakaa kwenye ripoti ya mikopo, hesabu ngumu ajabu maana kuna wanachama wanalipa kidogo kidogo na wengine wanalipiwa na wenzao. Ikatoka vizuri, nikaijaribu, ikakubali. Saa tatu usiku stima ikapotea. Laptopu ilikuwa na chaji asilimia 11, nikafunga kihariri na kila kitu kingine kinachokula chaji, nikabakisha terminali tu, lile dirisha la kuandikia amri, nikomiti nilale. Kuangalia git status naona faili ya .env, ile yenye nywila za hifadhidata, nayo imeingia kwenye foleni ya kukomitiwa. Hiyo haifai kutoka nje ya mashine yangu hata siku moja. Nikataka kuitoa. Nikaandika git reset --hard.

Sasa anayejua anajua. git reset tupu ingetoa faili kwenye foleni na kuiacha kazi yangu ilivyo. Ukiongeza hilo neno moja, --hard, inarudisha kila kitu kama komiti ya mwisho ilivyokuwa, pamoja na faili zenyewe kwenye diski. Neno moja tu. Na jibu nililopata ni mstari mmoja, kwamba HEAD, yaani alama ya mahali ulipo kwenye historia, sasa iko kwenye komiti fulani, basi, kama mtu aliyekuchomea nyumba kisha anakwambia kiwanja kiko safi. Roho iliruka. Nikakaa gizani na mwanga wa skrini peke yake nikifungua faili moja baada ya nyingine, zote za jana.

Mbona haiulizi? Hili ndilo swali langu na sijapata mtu wa kunijibu vizuri. M-Pesa, pesa zako mwenyewe, shilingi mia mbili tu, inakuonyesha jina la unayemtumia na kukupa nafasi ya kusitisha. Na msiniambie ati Git ni ya wataalamu haina muda wa kubembeleza mtu, kwa sababu Git yenyewe inajua kuwa makini ikitaka! Jaribu git clean, ile ya kufuta faili ambazo Git haizifuatilii, itakataa mpaka uweke -f. Jaribu kufuta tawi (mkondo wa kazi ulioutenga pembeni) ambalo hujaliunganisha, kwa git branch -d, itakataa. Jaribu kuhama tawi wakati kuhama huko kutafuta mabadiliko yako, itakataa na kukutajia faili moja moja. Kwa hivyo adabu inayo. Lakini kwenye reset --hard, mahali hatari hivyo, imeamua kunyamaza.

Nikauliza kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Jamaa mmoja akajibu haraka haraka, "Git haina makosa, wewe ndio huijui. Ungekomiti." Hivyo tu, saa nne usiku, kwa mtu aliyepoteza kazi. Nilichemka. Hiyo tabia ndiyo inafukuza watu kwenye hii kazi yetu, mtu anaungua wewe unamsomea sheria za moto. Nilikuwa tayari kuandika maneno ambayo ningeyajutia, kabla dada mmoja mkubwa, ambaye ametengeneza mifumo tangu sisi tuko shule, hajanipigia. Akaniambia, "Wewe kijana, usiguse kitu. Ulikuwa umefanya add saa ngapi?" Nikamwambia mchana. Akasema, "Basi ya mpaka mchana iko. Andika git fsck --lost-found, itafute vilivyopotea."

Hapa ndipo lazima niseme ukweli hata kama sitaki. Git ukiifanyia add, hapo hapo inahifadhi yaliyomo ndani ya kila faili, kabla hata hujakomiti. Reset inapofuta, vile vipande vinabaki ndani ya .git, folda ambamo Git inaweka vitu vyake, bila mwenyewe, na kwa kawaida havifagiliwi mpaka wiki mbili zipite. Tatizo ni kwamba havina majina. Jina la faili linakaa kwingine, kipande chenyewe ni namba ndefu ya herufi 40 tu. Nilipata thelathini na kitu. Nikavifungua kimoja kimoja kwa git show, chaji ikiwa asilimia 6, vingine ni takataka za zamani, vingine picha. Mpaka nikakutana na mstari nilioandika mwenyewe kwa Kiswahili juu ya fomula ya faini: "mama mweka hazina alisema faini isizidi mchango." Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Kwa hivyo ya asubuhi ilirudi yote. Ya alasiri, ile ripoti ya mikopo, ilikwenda, maana sikuwa nimeifanyia add tena. Nikaiandika upya siku mbili.

Halafu watu wananiuliza kwa nini sihami. Nihamie wapi? Wakati naanza kazi ofisi yetu ilikuwa na folda inaitwa mfumo_mwisho, nyingine mfumo_mwisho_kabisa, na nyingine ina jina la mtu aliyeacha kazi. Git ilimaliza hayo. Historia yote iko kwenye laptopu yako, bando ikiisha unakomiti tu, nimekomiti ndani ya matatu Thika Road kwenye foleni ya Pangani bila intaneti, nikapushi, yaani nikazituma kwenye seva, baadaye. Na git bisect! Kuna hitilafu ilitusumbua, hakuna aliyejua iliingia lini, komiti zaidi ya 200 katikati. Unaiambia hapa palikuwa pazima, hapa pameharibika, inakugawia katikati, unajaribu, inagawa tena. Mara nane tukaishika. Hiyo siku ningeipa nyota kumi.

Nafikiri ukali wake ni wa kuzaliwa nao. Linus Torvalds, muundaji wa Linux, aliianza Aprili 2005, wakati watengenezaji wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, walipoondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kazi kama hiyo ya Git, na kwa siku chache tu Git ikawa inajihifadhi yenyewe. Ilitengenezwa kwa haraka, kwa watu wa kerneli, wenye mahitaji yao. Junio Hamano ndiye anayeisimamia tangu mwaka huo huo na imelainika sana mikononi mwake, mfano 2019 ile git checkout inayofanya kazi mbili zisizofanana, kuhama tawi na kurudisha faili, ilipata wenzake switch na restore, na siku hizi git status inakwambia yenyewe jinsi ya kutoa faili kwenye foleni. Ningeisoma ile mistari usiku ule ingeniokoa. Hilo nakubali. Kwa hivyo nyota nne.

Hapana. Nilikuwa nimeandika nne halafu juzi ofisini binti aliyekuja kwa atachmenti (mafunzo ya kazini) akaandika git restore . akidhani inarudisha kazi yake aliyokuwa ameifunga kimakosa. Jina si linasema kurudisha? Ikamfutia siku mbili, kimya vile vile, na yeye hakuwa amefanya add hata mara moja, kwa hivyo hata fsck haikuwa na cha kutuonyesha. Akaniangalia akaniuliza, "Kwani haingeniuliza kwanza?" Sikuwa na jibu. Nyota tatu, na sizibadilishi mpaka iulize. Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukiandika upya, yeye akikumbuka mimi nikichapa, na kila tukimaliza kipande kidogo ananishika mkono ananiambia, "Komiti kwanza."