Kufuata vidole kwa macho: uzoefu wangu na EMDR

Mimi ni mtu wa mtungi wa gesi. Nafunga mlango, nateremka ghorofa tatu, napanda tena kuhakikisha nimeuzima. Siku mbaya nilifika mara kumi na moja, na matatu imeshaondoka. Bibi alikuwa akisema ni wasiwasi, ule ule wa anayerudia udhu mpaka imamu anatoa salamu.

Mtaalamu wa saikolojia hapa Mombasa aliponieleza EMDR, tiba ya kukumbuka tukio baya huku ukifuata vidole kwa macho, nilicheka. Kuzungusha macho ndiyo dawa? Hakunificha. Aliyeianzisha ni Mmarekani, Francine Shapiro, mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa kiwewe. Kwa kurudiarudia kama kwangu ushahidi bado mchache. Tiba ya kwanza kwa hali hiyo ni kuikabili hofu na kujizuia usirudi. Alitaka tuijaribu kwa kuwa kukagua kwangu kulianza jiko la jirani lilipolipuka, nikiwa darasa la sita.

Vikao viwili vya mwanzo hakuna macho, ni maswali tu, na kuchagua mahali pa kutulia moyoni. Nilichagua baraza ya bibi, saa kumi jioni. Kikao cha tatu niliishika ile picha ya moto, hofu nikaipa 9 kati ya 10. Akapitisha vidole viwili kulia na kushoto kama nusu dakika, akasimama. "Pumua. Kimekuja nini?" Tena. Na tena. Nilidhani utakuja moto. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha sauti ya mama mlangoni: "Na wewe, yetu uliifunga?" Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Nilitoka kichwa kinanigonga, usiku nikaota moto. Usiweke kikao siku ya kwenda kazini.

Kufikia kikao cha sita, picha ile ilikuwa 2. Lakini miguu bado ilitaka kupanda ngazi! Kurudi kulipungua tulipoingia kwenye lile zoezi la kuikabili hofu: funga mara moja, teremka, panda matatu, jasho likutoke mpaka lichoke lenyewe. Bila EMDR nadhani nisingethubutu kulianza, ila zoezi nililifanya mwenyewe.

Kikao cha dakika 90 nililipa shilingi 3,500, na bima yangu ilikataa. Anayekuahidi kupona kwa kikao kimoja, mkimbie.

Jana nilirudi mara moja. Ilikuwa imezimwa, bila shaka.