Miezi 14 na huduma ya maombi ya umma mtandaoni

Nimeitumia huduma hii ya kukusanya saini kwa miezi 14, kwanza kama mtia saini wa maombi ya wengine, kisha kama mwenye ombi. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu karibu kila ninachokilalamikia hapa nimekikuta pia kwenye huduma mbili nyingine za aina yake. Nikiri vilevile kwamba niliingia nikiwa mbezaji. Rafiki yangu aliponitumia kiungo cha kwanza nilimjibu kwa maneno mawili tu, "danganya toto", naye akajibu kwamba nikishamaliza kucheka nitie saini.

Kufungua ombi ni kazi ya dakika kumi. Fomu inauliza mambo matatu: unamwomba nani, unaomba nini, na kwa nini. Swali la kwanza ndilo bora kuliko vyote vilivyomo katika huduma nzima. Sisi tuliozoea kusema kwamba "wao" hawajali, na kwamba mambo yatabaki yale yale, hulazimika hapo kumtafuta mtu au bodi yenye mamlaka ya kutenda, na kuandika cheo chake ndani ya kisanduku ambacho hakikubali neno "wao". Mimi ilinichukua siku mbili kumjua wa kumwandikia. Ombi langu lilikuwa dogo: mlango wa maktaba una ngazi nne, na msomaji anayetumia kiti cha magurudumu hubebwa kama mzigo au hurudi nyumbani, basi pajengwe njia ya mteremko.

Kasoro zilianza saa ile ile. Lengo la saini lilikuwa 100. Nilipofika 93 likawa 200, na nilipokaribia 200 likawa 500, bila mimi kugusa kitu. Barua pepe nazo zilifuatana, ya kwanza ikinipongeza kwa kuibadilisha dunia siku ambayo nilikuwa na saini 12, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za ndugu zangu. Kila aliyetia saini alipelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuomba mchango, ambao kitufe chake cha kukataa ni kidogo na cha rangi ya kijivu. Lililoniudhi zaidi ni ombi moja nililowahi kulitia saini, likatangazwa kuwa "Ushindi". Nilipolifungua nikakuta ofisi iliyoombwa imeahidi kulitazama suala hilo, basi. Mtu akishangilia ushindi wa namna hiyo mara tatu, mara ya nne hata ombi la kweli atalipita. Wenye huduma wanadhani wanapanda matumaini, kumbe wanawazalisha wabezaji.

Nalinganisha na utaratibu wa Bunge la Uingereza, ambao hauna bashasha hata chembe. Ombi likipata saini 10,000 serikali hulijibu kwa maandishi. Likifika 100,000 hufikiriwa kwa ajili ya mjadala. Majibu mengi ni ya kukataa, tena kwa lugha kavu, lakini mtia saini anajua amesimama wapi. Bunge hilo hilo, mwaka 1792, lilipokea maombi 519 ya kupinga biashara ya watumwa, na baraza lake la chini likaafiki kuikomesha kwa sharti kwamba iwe hatua kwa hatua. Sheria ilipita mwaka 1807. Mbezaji anayeitazama miaka hiyo 15 ana haki ya kukasirika, maana meli hazikusimama kungoja. Ila hana haki ya kusema kwamba saini zile zilikuwa bure.

Sehemu ya maoni nisingependa iguswe. Huduma huuliza, "Kwa nini unatia saini?", na watu wanaojibu hapo huandika bila kujilinda, kwa namna ambayo mitandaoni kwingine ingechekwa. Mmoja aliandika, "Dada yangu hukaa nje nami humletea vitabu avichague kupitia dirishani." Sentensi hiyo niliinakili katika barua yangu kwa bodi ya maktaba, na naamini ilifanya kazi kuliko idadi yote ya saini, ambazo ziliishia 341.

Bodi ilijibu baada ya wiki tisa: mteremko hautajengwa mwaka huu, ila mlango wa nyuma, unaopitishiwa masanduku ya vitabu na usio na ngazi, utafunguliwa kwa yeyote atakayebonyeza kengele. Nilirudi kwenye huduma kuwaarifu waliotia saini, nikakuta vitufe viwili tu, "Ushindi" na "Funga ombi". Cha katikati hakipo. Niliandika taarifa ndefu ya kawaida, nikiieleza hali kama ilivyo, na watu 17 wakajibu, wanne kwa kejeli.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kengele yenyewe ilikuja kufungwa juu mno, mtu aliyeketi haifikii. Nikaandika tena kwa bodi, safari hii bila huduma wala saini, nao wakaishusha baada ya siku kumi. Vile vitufe viwili bado sijabonyeza hata kimoja.