Haka kaalamu ka betri za lithiamu: kadogo ila kelele zake we acha tu

Wadau wa roboti hapa Mwanza, haka kaalamu, yaani kakengele ka kukuonya betri ikishuka chaji, nimekachukua duka la spea za elektroniki mitaa ya Makoroboi na kwa kweli kanapiga kazi. Unakachomeka kwenye ile plagi nyeupe ya betri ya kubalansi, yaani ya kusawazisha seli zilizo ndani ya pakiti, kanakusomea kila seli peke yake na hapo ndo utamu ulipo, maana pakiti ya seli 3 inaweza kukuonyesha volti 10.5 ukasema poa kumbe seli moja ishashuka chini ya 3.0 na inakufa kimyakimya. Mi nimekaseti kalie seli ikishuka hadi volti 3.5, ukiseti juu zaidi ya hapo kanakupigia kelele kila mota zikivuta sana, si unajua volti inadondoka kidogo hata kama chaji bado ipo, na vilima vya kupanda Mwanza tunavyo vya kutosha. Kelele sasa! Jirani lazima agonge. Ila hakakati umeme jamani, kanalia tu, kwahiyo kama roboti yako inazunguka bila mtu karibu tafuta saketi ya kukata kabisa. Na ukimaliza kachomoe, kenyewe kanakula chaji taratibu.