Programu iliyomfungia kiwango mwimbaji wangu bora

Kama unafundisha muziki hapa Dodoma na umeshaona matangazo ya zile programu za simu zinazomsikiliza mtu akiimba kisha zinamwambia kapatia au kakosea, soma hapa kwanza kabla hujatoa hela. Mimi nimetoa. Nimelipia kifurushi cha mwalimu, kile cha kusajili wanafunzi na kufuatilia maendeleo ya kila mmoja, na mpaka leo nikikumbuka yaliyotokea damu inanichemka. Jina la programu nalihifadhi. Ninachotaka mjue ni namna inavyopima sauti ya mtu, na namna walivyonijibu nilipouliza.

Darasa langu ni la waimbaji wa kwaya, Jumamosi mchana, hapa mjini. Wengi wanatoka Makole na Chang'ombe, wachache wanapanda gari kutoka Chamwino na Mvumi. Nota za mistari mitano wengi wao hawajazizoea. Wanachosoma ni solfa, ile d r m ambayo John Curwen wa Uingereza aliieneza karne ya 19 na wamisionari wakatuletea, na kwenye solfa hiyo do inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Programu ikaja na do iliyogandishwa kwenye C. Wiki za mwanzo ilikuwa vurugu, besi wangu wanaimba sahihi kwa ufunguo wa G na wanaambiwa wamekosea majina ya sauti zote. Nikatafuta kwenye mipangilio, nikakuta pa kubadilisha, yakaisha. Hilo nimelisamehe kabisa.

Nisichoweza kusamehe ni cha yule binti.

Ni mwimbaji wa sauti ya pili, anatoka Chamwino, na bibi yake ni mpigaji wa muheme, zile ngoma ambazo kwa Wagogo hupigwa na kina mama. Sauti ya pili ikiyumba katikati ya wimbo, wenzake wote humgeukia yeye. Sikio lake ndilo ninalolitegemea kwenye kwaya nzima. Siku hiyo zoezi lilikuwa la kuimba saba ndogo: programu inapiga do na kuishikilia, mwanafunzi anapanda mpaka ta, yaani te (wengine huiita ti) iliyoshushwa nusu toni. Akashika simu, akasikiliza do kidogo, akaimba. Sauti ilisimama pale juu bila kutetemeka hata chembe, imekaa juu ya ile do mpaka waliokuwa wanapiga soga nyuma wakanyamaza.

Skrini ikawa nyekundu. Mshale unaelekea chini: umeshuka. Akarudia, nyekundu. Akavuta pumzi, akarudia tena pale pale, maana sikio lake halimdanganyi, nyekundu tena. Kisha ukatokea ujumbe wa kumshauri arudi kwenye mazoezi mepesi, na kiwango kinachofuata kikajifunga kwa kufuli. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwalimu, kwani miaka yote hii nimekuwa nikiimba vibaya?" Akaenda kukaa. Mazoezi ya jioni ile hakufungua mdomo.

Sasa niwaeleze alichokuwa anaimba. Chukua gitaa, piga waya mmoja huku umeugusa kwa wepesi katikati, utasikia oktavo, yaani do ile ile kwa juu. Uguse kwenye theluthi, utapata so ya juu. Endelea kugawa hivyo, robo, moja ya tano, moja ya sita, na ukifika moja ya saba itatoka sauti nyembamba, tamu, ambayo kwenye kinanda haipo. Kinanda kimegawanya oktavo katika nusu toni 12 zilizo sawasawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha wanamuziki cha kupanda na kushuka kwa sauti), kwa hiyo saba ndogo yake imekaa senti 1000 juu ya do. Sauti ya saba ya waya, ukiishusha kwenye oktavo hiyo hiyo, iko kwenye 969. Tofauti ni senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Nilipiga sauti hiyo kwenye gitaa langu mbele ya darasa, nikawasha tyuna (kipima sauti) ya bure ya simu, mshale ukalala upande wa kushuka pale pale kwenye 30 na kitu. Nikamwomba yule binti aimbe ta yake juu ya waya huo huo. Hakukuwa na tofauti ya kusikia kati ya koo na waya.

Na hiyo sauti hakuiokota njiani. Marimba (zile za kupigwa kwa vidole gumba) na zeze za Wagogo zimepangwa kufuata hizo hizo sauti asilia za uzi, na nyimbo zao zinatembea humo humo. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wa huku huku Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na marimba zenye sauti hizo, akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, na watu wa huko walikaa kimya kumsikiliza. Binti amezikuta nyumbani, zimemkaa masikioni kabla hajajua kusoma. Halafu simu inamwekea kufuli.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaeleza yote haya, nikaambatanisha na rekodi. Kwanza likaja lile jibu la mashine la kunitaka nizime simu na kuiwasha. Nikaandika tena. Safari hii akajibu mtu, na ningeshukuru kama ingebaki mashine. Akasema programu yao imepimwa na haina hitilafu, rekodi inaonyesha wazi mwanafunzi ana udhaifu wa sikio, na wanafunzi wasiozoea muziki "sahihi" wanashauriwa waanzie kiwango cha kwanza kabisa. Muziki sahihi! Huyo hajafika Chamwino, hajasikia wanawake wakiimba na muheme nyuma yao, wala sina hakika kama aliifungua hiyo rekodi. Swali langu lilikuwa moja tu: je, mwalimu anaweza kupanua kiasi cha tofauti ambacho programu inakivumilia, au kuweka mpangilio wake wa sauti? Hakuligusa.

Haki niitende, kwa sababu kuna wanaonisoma ambao kazi yao ni kinanda na magitaa ya umeme. Kwaya ikiimba na kinanda, ta ya senti 969 itagombana nacho, na mwimbaji lazima ajue kuinua. Kwa hiyo kumfundisha binti kuisikia ta ya kinanda pia ni kazi yangu, nami nitaifanya. Na tena besi wangu wawili ambao walikuwa hawawezi kutofautisha nafasi ya nne (do mpaka fa) na ya tano (do mpaka so), sasa wanatofautisha, na ni mazoezi ya programu hiyo hiyo yaliyowasaidia. Wiki ile kabla ya jibu la huduma kwa wateja nilikuwa nasema kwa wenzangu: lipeni, ina manufaa, ila msiitumie kupima waimbaji wasio na kinanda.

Lakini nikirudi kulisoma lile jibu, nabadilika. Programu inayoweza kusema "umekosea kwa kipimo cha kinanda" ingekuwa mwalimu msaidizi. Hii inasema "umekosea" na kufunga mlango, na nyuma yake kuna mtu anayeamini hivyo kweli. Kwa mtoto mwenye aibu, aliyezoea kuambiwa mambo ya kijijini ni ya kijijini, neno hilo moja linabomoa kazi ya miaka. Hapana. Msilipe. Na mwezi ulipogeuka wakakata hela nyingine, ingawa nilikuwa nimeshasitisha kifurushi na ujumbe wa kuthibitisha ninao.

Tunachotumia sasa hakitugharimu zaidi ya bando. Kwa kusikia nafasi kati ya sauti mbili tunaingia musictheory.net, ambako nachagua mwenyewe nafasi zipi ziulizwe, na mwanafunzi anajibu kwa kubonyeza, haimbi, kwa hiyo hakuna wa kumhukumu koo lake. Kwa wanasolfa nawapendekezea Functional Ear Trainer kuliko vyote: inapiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) za kukuweka ndani ya ufunguo kwanza, ndipo inapiga sauti moja na kukuuliza ni ya ngapi. Ndivyo hasa mtu wa do inayohama anavyosikia. Kwa kuanza somo la uzi na mgawanyo wake, Chrome Music Lab ina ukurasa wa Harmonics, unafunguka kwenye simu ya kawaida, watoto wanaona nyuzi zinavyogawanyika na kuzisikia. Kwa walio mbali, Kongwa na Mpwapwa, tunakutana kwenye Zoom, na hapo angalizo moja: kwenye mipangilio washa "Original sound for musicians", yaani sauti isiyochujwa, la sivyo Zoom inadhani sauti iliyovutwa ndefu ni kelele na inaimeza. Kuimba pamoja usijaribu, sauti zinachelewa. Aimbe mmoja, wengine wazime maiki.

Dawa halisi ya binti ilitoka MuseScore. Ni programu ya bure ya kuandikia nota, na ukichagua nota moja unaweza kuishusha au kuipandisha kwa senti unazotaka. Nikaandika zoezi lile lile, do chini imeshikiliwa, ta juu nimeishusha senti 31, mi nimeishusha 14 kama uzi unavyotaka. Pembeni nikaandika la pili, kila kitu kwa kipimo cha kinanda. Darasa likasikiliza yote mawili kwenye spika, likaimba yote mawili. La kwanza binti alilipata kabla sauti ya spika haijakatika, na safari hii aliimba kwa nguvu. La pili lilimpa shida kwa muda, kisha akaliinua, akasema, "Hii ya kinanda inauma kidogo, Mwalimu, ila naisikia." Waimbaji wangu wa mjini waliokuwa na rangi ya kijani tupu kwenye ile programu, lile la kwanza liliwatoa jasho. Mmoja mpaka leo hajaipata ta ya uzi, na yeye ndiye aliyeongoza kwa alama.

Upungufu wa MuseScore ni kwamba haimsikilizi mwanafunzi, inapiga tu, kwa hiyo nyumbani akiwa peke yake hana wa kumwambia yuko wapi. Natumia tyuna ya simu kuziba pengo, na ni kazi ya kuchosha, kuhesabu senti kwa kila sauti. Mwenye kujua programu inayomsikiliza mwimbaji na kumruhusu mwalimu aingize mpangilio wake wa sauti, aniandikie hapa chini. Hata ikiwa ya kulipia nitalipa, mradi nijaribu kwanza na yule binti akiwa ameshika simu. Hawa wa mwanzo bado nawadai hela ya mwezi ule, na barua pepe yangu ya tatu hawajaijibu.